Mvua Imenyesha, Mama Atapanda?

Nilimnyang'anya yule bwana tableti, nikaigeuza kifudifudi mezani na kuikandamiza kwa kiganja. Sikupiga kelele. Wanaosema nilipiga kelele hawakuwa mle ndani. Tulikuwa watatu tu katika kile chumba cha kupimia watoto pale Migori: yeye mpimaji, mimi, na binti yangu wa miaka saba, amekaa kwenye kiti cha watu wazima, miguu haifiki chini.

Matokeo siyo yaliyonimaliza subira. Matokeo ningeyameza, nimeshameza makubwa kuliko hayo. Ni sungura. Ndani ya ile tableti kulikuwa na sungura wa katuni. Mtoto akipata jibu, sungura anaruka na kupiga makofi. Akikosa, sungura anainamisha masikio na kufuta machozi. Asubuhi hiyo alikuwa amefuta machozi zaidi ya alivyoruka, na swali la mwisho lilipokwisha akaketi chini akalia mfululizo, maandishi mekundu yakatokea chini yake. Binti yangu hakuyasoma. Alimtazama sungura, akanigeukia, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, nimemfanya nini?"

Hapo ndipo mkono wangu ulipokwenda.

"Mama, rudisha kifaa," mpimaji akasema.

"Nitarudisha. Kwanza andika kwa nini alisema hapana."

"Nimesikia kwa nini."

"Umesikia, sawa. Umeandika?"

"Hakuna mahali pa kuandika. Kuna ndiyo, kuna hapana, kuna sijui. Amesema hapana, nimebonyeza hapana. Sasa kosa langu liko wapi?"

Swali lenyewe alikuwa amelisoma polepole, kwa upole hata, siwezi kumsingizia. Alisema: Mvua ikinyesha, mama hupanda mahindi. Leo mvua imenyesha. Je, mama atapanda mahindi leo?

Binti yangu alifikiri. Aliangalia dirishani, akaniangalia mimi, akasema, "Hapana."

"Hebu fikiria tena."

"Hapana. Dani hajapanda."

Dani ni nyanya, mama wa baba, kwa Kijaluo. Mpimaji hakuhitaji kutafsiriwa. Ni mtu wa huku huku. Hata Kiswahili chake kilikuwa kama cha mume wangu, mvua "imenyesa". Kwa hiyo mkono wangu ukiwa bado juu ya tableti yake nilimuuliza, "Nyumbani kwenu, mama yako hupanda kabla ya nani?"

"Mama yangu ni mke wa pili."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo anangoja. Mama, wewe unajua anangoja nani."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata mvua ikinyesha." Akacheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa. Kisha akakiondoa usoni, akavuta kiti. "Lakini hapa hatupimi mambo ya boma la mtu. Tunapima akili. Ndani ya swali hakuna dani."

Ndani ya swali hakuna dani. Maneno hayo nimeyatafuna tangu siku ile na bado hayajalainika.

Nieleze tulifikaje pale. Ninauza nafaka Migori, mahindi na maharagwe na mtama, kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia ambao kila mwanamke wa soko anao. Binti yangu yuko gredi ya pili. Mwalimu wake aliniita akaniambia mtoto si mtundu, si mgonjwa, lakini kuna siku anazima. "Hasa mvua ikipiga mabati," alisema. "Wengine wanaziba masikio wanacheka. Huyu wako anaacha kalamu, anakodolea dirisha. Nikimuuliza kitu, hajibu." Akasema apelekwe akapimwe. Niliona ni jambo jema. Nilidhani watampima macho na masikio.

Walimpima maswali. Nilikaa nyuma yake, nimeambiwa nisiseme neno, nami sikusema. Mpimaji aliuliza la mlango: Mtu akibisha hodi, mlango hufunguliwa. Mtu amebisha hodi. Je, mlango utafunguliwa?

"Ni nani?" binti yangu akauliza.

"Ni mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Yeyote."

"Basi hapana."

Nilitaka kumkumbatia. Tunapanga chumba kwenye ploti yenye milango mingi, na mimi nashinda sokoni. Nimemfundisha asifungulie mtu asiyejitaja jina. Sungura akalia.

Akauliza la daktari: Mtoto akiwa mgonjwa sana, daktari humtibu. Mtoto huyu ni mgonjwa sana. Je, daktari atamtibu? Binti yangu akasema, "Kama hawajagoma." Mpimaji mwenyewe aliguna, akatikisa kichwa, akabonyeza sijui. Sungura akalia.

Halafu likaja moja la ajabu. Dubwi wote wana mkia. Huyu ni dubwi. Je, ana mkia? Mtoto akajibu hapo hapo, "Ndiyo." Sungura akaruka.

"Dubwi ni nini?" akauliza, amefurahi.

"Hakuna kitu kama hicho," mpimaji akasema. "Ni jina la kubuni tu."

Yalikuwepo mengine ya namna hiyo, ya vitu visivyokuwepo duniani, na yote aliyapata. Kwa kitu asichokijua mtoto wangu ana akili. Kwa kitu anachokijua, hana. Hivyo ndivyo tableti ilivyosema, ukiyatoa maneno makubwa.

Sasa hili la mvua.

Mimi ni mtu wa Ntimaru, Mkuria. Kwetu mvua ya kwanza ikianguka mama yangu hangoji mtu. Anafunga leso, anashika jembe, na jirani akimkuta shambani wanashindana kwa utani nani alianza. Mvua, jembe, mbegu, kwisha. Nikaolewa Kosele, kwa Wajaluo, na mvua ya kwanza ya ndoa yangu ilinikuta nimeshatayarisha shamba, udongo umelainika kama unga. Asubuhi nikachukua mkebe wa mbegu nikatoka. Mama mkwe wangu alikuwa anafagia. Aliacha ufagio, akaja taratibu, akanizuia njiani.

"Nyar Kuria," akaniita. Ndivyo wanavyoita wake waliotoka kwingine, binti wa mahali fulani. "Unaenda wapi?"

"Kupanda, mama."

"Nani amepanda?"

"Mvua imenyesha."

"Mimi nakuuliza nani amepanda, wewe unaniambia habari ya mvua."

Akauchukua mkebe mikononi mwangu. Hakuwa na hasira. Alinikalisha kwenye kiti cha miguu mitatu jikoni kwake akanieleza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba mama wa boma huanza. Yeye akishatia mbegu ardhini, mke wa mwana mkubwa anafuata, kisha wa pili, mpaka zamu ifike kwangu, mke wa kitinda mimba. Anayeruka zamu analeta chira, ule unyonge unaokula nyumba, watoto wanakonda na hakuna dawa. Yeye alikuwa Msabato, Jumamosi haikumpita bila kanisa, na hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Mimi ni Mkatoliki. Sikuamini, wala sikuthubutu kutoamini. Nilingoja. Siku ya pili akapanda, siku iliyofuata nikapanda, na mahindi yakawa mazuri tu. Kwa miaka mingi alikuwa akiwasimulia wageni, "Huyu alikuja hapa anadhani mvua ndiyo inapanda." Watu wanacheka, nami nacheka.

Kwa hiyo siku ile pale ofisini nilipotulia nilikumbuka kwamba na mimi niliwahi kuwa kama ile tableti. Nilikuja Kosele na kanuni moja kichwani, na kanuni yenyewe haikuwa mbaya. Ilikuwa haijui ilikofika. Tofauti ni kwamba mimi niliambiwa nikae, nikaelezwa. Hakuna aliyenionyesha mnyama anayelia.

Miaka miwili iliyopita mama mkwe aliugua tumbo. Walimlaza hospitali mjini Homa Bay, na akiwa huko mvua zikaanza. Zilianza vizuri, mvua ya kutulia, ile inayoingia ndani ya ardhi badala ya kukimbilia mtoni. Majirani wakapanda. Shamba letu lilikuwa tayari. Nilimpigia simu mume wangu, anafanya kazi kwenye mashua za uvuvi kule Karungu, huja nyumbani Ijumaa jioni kwa ajili ya Sabato. Akasema tungoje. Shemeji zangu wakasema tungoje. Mama mwenyewe tulimpigia, tukaweka spika, sauti yake ikatoka nyembamba. "Msiogope. Nakuja niwafungulie shamba. Madaktari wananiachilia karibu."

Wangeweza kupata njia. Nilisikia baadaye kwamba ziko njia, wazee wanaweza kukaa wakaruhusu. Lakini kukaa chini wakazungumza jinsi ya kupanda bila yeye ingekuwa kama kusema hatarudi, na hakuna mtoto wake aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka hilo. Nawaelewa. Sijawasamehe sana, lakini nawaelewa.

Kwa hiyo nilikaa mlangoni na binti yangu, tunaangalia mvua ikinyesha kwenye udongo mtupu. Alikuwa na miaka mitano. Kila ilipoanza kunyesha aliniuliza.

"Mama, tunapanda?"

"Hapana."

"Kwani mvua haijanyesha?"

"Imenyesha."

"Sasa?"

"Dani hajapanda."

Neno kwa neno. Jibu ambalo tableti imeliandika kuwa kosa ni mimi niliyemfundisha, na nilimfundisha kwa sababu lilikuwa kweli.

Mama mkwe alirudishwa mvua zikiwa zinaishia. Hakuweza kutembea. Shemeji zangu walimbeba kwenye kiti cha plastiki, mmoja huku mmoja huku, mpaka shambani, na binti yangu akatembea pembeni ameshika mkebe wa mbegu kwa mikono miwili. Walimtobolea mashimo kwa fimbo. Aliinama akiwa kwenye kiti, akatia mbegu, akatulia kupumua, akatia tena. Kisha akamwambia mtoto kwa Kijaluo, "Umeona? Sasa mama yako anaweza." Alikuwa na furaha. Uso wake siku ile ulikuwa wa mtu aliyefanya kazi yake.

Tulipanda wote siku hizo hizo, haraka haraka. Mahindi yalifika magotini yakakosa maji. Hayakufa mara moja. Yalijikunja kwanza, yakawa kama vidole vya mtu anayesikia baridi, halafu yakakauka yakiwa yamesimama, na upepo ukipita yanasema shaa, shaa. Tukaanza kununua unga. Kabla ya mwaka kuisha mama mkwe akafa, tukamzika pale pale bomani, na mimi nikabeba mtoto nikaja Migori kutafuta, kwa sababu mashua za Karungu hazitoshi kulisha watu watatu.

Nilidhani mtoto amesahau. Watoto husahau, ndivyo tunavyojiambia.

Siku ya upimaji askari wa lango aliitwa. Alipoingia akanikuta nimesharudisha tableti, nimempakata binti yangu. Mpimaji hakunishtaki. Alichapisha karatasi akanipa. Ilisema mtoto "hawezi kufikia hitimisho kutokana na maelezo aliyopewa", na kwamba ahamishiwe kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum katika shule nyingine, ng'ambo ya mji. Sina neno baya na kitengo hicho. Mtoto wa jirani yangu hasikii, anasoma huko, na anafundishwa vizuri kuliko alivyokuwa akifundishwa mwanzo. Lakini yeye amepelekwa kwa sababu hasikii. Wangu anapelekwa kwa sababu anakumbuka.

Nimesoma mpaka kidato cha nne, kwa hiyo najua alichokuwa anatakiwa kufanya. Nilifundishwa. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa anaanza na "Tuseme". Tuseme mtu ana ng'ombe mia. Msichana mmoja akauliza, mtu gani huyo mwenye ng'ombe mia, na si wameibwa? Kwetu Ntimaru hilo si swali la kijinga, ng'ombe huvuka mpaka usiku na wasirudi. Darasa likacheka. Mwalimu akasema, "Hapa ng'ombe hawaibwi. Hapa ni hesabu." Tangu siku hiyo nilijua kwamba ukiingia kwenye hesabu unaacha nje kila unachokijua, kama unavyovua viatu mlangoni mwa watu. Nikawa hodari kwa hilo. Lakini niliambiwa. Na nilikuwa na miaka kumi na sita, na hakuna aliyekuwa amezikwa ndani ya swali.

Jioni ile tulikaa nje ya mlango wetu tukichambua maharagwe ya kuuza kesho. Anapenda kazi hiyo, anatoa mawe na yaliyooza. Nilimuuliza kama natania.

"Wewe, ile swali ya mvua. Mbona ulikataa?"

"Dani ako kwa kaburi."

"Ndiyo."

"Basi hawezi kuanza. Na asipoanza, wewe huwezi." Alitupa jiwe kando. "Si ulisema?"

"Nilisema."

"Sasa mvua ikinyesha tutakosa chakula tena. Kila mwaka. Mpaka tuzeeke."

Alilisema hivyo tu, kama mtu anayetaja bei. Nikaelewa dirisha la darasani na kalamu iliyoachwa. Mtoto huyu alikuwa amechukua kitu nilichomwambia, akachukua kaburi aliloliona likichimbwa, akaviunganisha peke yake, akafika mwisho wake, na mwisho wenyewe ulikuwa njaa. Kila mvua ilipopiga mabati ya shule alikuwa anafika pale pale. Miezi yote hiyo. Na alikuwa hajaniambia, kwa sababu alidhani najua.

Nilishindwa kuendelea na maharagwe. Nikamwambia, "Sikiliza. Dani akifa, anayeanza ni mama mkubwa, mke wa baba mkubwa. Sasa yeye ndiye mwenye boma. Mwaka huu alianza, tukapanda. Wewe ulikuwa shule, nilienda Kosele bila wewe."

Aliacha mikono ndani ya ungo. "Mama mkubwa anaweza?"

"Anaweza."

"Na chira?"

"Hakuna. Ni zamu yake."

Akafikiri, midomo inacheza. Kisha akasema, polepole, "Basi ile swali ni ndiyo. Mama mkubwa akianza, ni ndiyo." Na baada ya kidogo, na ukali uliofanana na wangu, "Si wangesema."

Akarudi kwenye maharagwe. Mimi nilijifanya nimeingiwa na vumbi jichoni.

Asubuhi sikwenda sokoni, nilirudi ofisini. Mpimaji alinikuta nimekaa kwenye benchi la nje kabla hajafungua.

"Mama wa tableti," akasema, anajaribu utani.

"Shikamoo ya utani utanipa kesho. Leo naomba umuulize lile swali tena. Moja tu. Nimemweleza kilichokuwa kimebaki, na amelijibu mwenyewe."

"Ukishamweleza si kipimo tena."

"Sijamwambia jibu. Nimemwambia ni nani anaanza kupanda sasa. Jibu amelipata yeye."

Alifungua mlango, hakuniambia niingie, hakunifukuza. Akasimama na funguo mkononi. "Mfumo umeshafunga. Haurudii mtoto mwaka ule ule."

"Wewe si uliona ana akili?"

"Niliona."

"Basi sema uliona."

"Mama, mimi nabonyeza tu. Kinachoamua kiko mbele huko, sijui hata ni nani walikitengeneza. Wanasema mtu akipewa hili na hili, anatakiwa afike hapa. Asipofika, hayuko sawa. Nikianza kuandika kila mtoto alikuwa anafikiria nini, nitamaliza lini?"

"Wengi wanakosa la mvua?"

"Wengi wa mashambani."

"Na hujawaambia wenye mfumo?"

"Nani, mimi?" Alicheka, lakini si kwa furaha, na nilimwona kwa mara ya kwanza kama mtu wa rika langu aliyepata kazi na anaogopa kuipoteza. "Nikibadilisha jibu la mtoto wako nitabadilisha ya hao wote."

"Badilisha ya hao wote."

"Kama una lalamiko, liandike. Upeleke kwa ofisi ya elimu. Hapa mimi siwezi."

Nilimpigia mume wangu. Nyuma yake nilisikia wanaume wakivuta nyavu na kutukanana kwa mzaha. Akasema, "Mama watoto, usigombane na watu wa ofisi. Mpeleke huko wanakosema, tutaona."

"Tutaona nini?"

"Tutaona."

"Mama yako alimwambia mtoto huyu, umeona, sasa mama yako anaweza. Wewe unataka niende nikakubali kwamba hajui kufikiri?"

Akawaacha wale wanaume, kelele zao zikabaki nyuma. Mama yake hatumtaji ovyo. Kisha akasema, "Andika basi. Andika vizuri."

Shule nayo haikungoja. Jumatatu walimrudisha binti yangu getini wakasema nafasi yake ni kule alikoandikiwa. Hakulia. Aliniuliza kama ni kwa sababu ya sungura. Nikamwambia hapana. Nikamwambia kuna watu waliuliza swali halafu hawakungoja jibu liishe. Akasema, "Hata mimi nilikuwa sijamaliza."

Niliandika juu ya gunia la mtama, wateja wanakuja wanaondoka. Niliandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha waliyompimia. Karani wa ofisi ya elimu alitaka kuipokea bila kuisoma. Nikamwambia asome kwanza nikiwa hapo, ndipo agonge muhuri. Alisoma. Alifika katikati akarudi mwanzo. Kisha akagonga muhuri kwenye nakala zote mbili, akanipa yangu. Hii hapa.

Kwa Afisa wa Elimu,

KUH: MALALAMIKO DHIDI YA KIPIMO ALICHOFANYIWA MTOTO WANGU NA KUONDOLEWA KWAKE DARASANI

Mimi ni mama mzazi wa mtoto wa kike, gredi ya pili. Mtoto wangu amepimwa akili kwa tableti na imeandikwa kwamba hawezi kufikia hitimisho kutokana na maelezo aliyopewa. Nilikuwepo. Ninalalamika kama ifuatavyo.

Aliulizwa kama mama atapanda mvua ikinyesha. Alisema hapana kwa sababu nyanya yake hajapanda. Katika boma letu mama wa boma ndiye huanza na wengine hungoja, na anayepima aliniambia mwenyewe kwamba nyumbani kwao ni hivyo pia. Mtoto hakushindwa kutumia maelezo aliyopewa. Aliyatumia pamoja na mengine aliyokuwa nayo tayari. Ninyi mliamua hayo mengine hayapo. Hamkumwambia.

Alipoulizwa kuhusu vitu vya kubuni visivyokuwepo, alijibu yote sawa. Yatazameni majibu hayo, yako kwenye mashine yenu. Kama hajui kufikiri, aliyapataje?

Nilimpa habari moja aliyokuwa hana, kwamba nyanya akifa kuna mwingine anayeanza, naye akabadilisha jibu lake mwenyewe bila kusukumwa. Nijuavyo mimi, hivyo ndivyo mtu mwenye akili hufanya. Mashine yenu haikumpa habari hiyo wala haikumuuliza sababu. Haina mahali pa sababu.

Sisemi asifundishwe kujibu kwa njia ya vitabu. Afundishwe. Mimi nilifundishwa. Nasema msiite kutofundishwa kuwa ni upungufu wa akili, na msimfukuze mtoto darasani kwa jambo ambalo kazi yenu ni kumfundisha.

Naomba maneno hayo yafutwe kwenye rekodi yake. Naomba apimwe upya na mtu atakayemuuliza kwa nini na kuandika atakachojibu. Naomba watoto wengine waliokosa swali hilo hilo nao waangaliwe, kwa maana nimeambiwa ni wengi.

Mtoto wangu amekuwa nje ya darasa tangu Jumatatu. Naomba jibu kwa maandishi, si kwa simu. Mpaka nilipate, nitampeleka shuleni kila asubuhi akiwa na sare na vitabu vyake, nitamkalisha kwenye dawati lake, na anayetaka kumwondoa amwondoe mimi nikiwa nimesimama hapo.

Mzazi wake.